Ghala Limejaa, Kwa Nini Ubongo wa Mtoto Uwe na Njaa?

(Haya ni mazungumzo tuliyoyatoa sisi wahudumu wa afya wa kijiji katika Siku ya Afya na Lishe. Tumeombwa tuyaandike ili waliokuwa shambani wayasome, na vikundi vya kisomo viyajadili.)

   

Leo asubuhi tulikuwa chini ya mti pale ofisini tukipima watoto. Tuliwapima uzito, halafu tukawalaza kwenye ubao tukapima urefu. Alikuja mtoto mmoja wa kike. Kadi yake inasema ametimiza miaka 3. Ubao ukasema ana sentimita 84. Jamani, sentimita 84 ni urefu wa kawaida wa mtoto wa kike wa mwaka 1 na miezi 10. Mwenzake wa miaka 3 anayekua vizuri hufika karibu sentimita 95.

Mama yake akacheka, akasema, "Huyu ni mfupi kama bibi yake. Lakini haumwi. Anakula ugali vizuri." Na kweli, mtoto hakuwa na homa. Hakuwa amekonda. Mtu akimwona njiani asingesema kwamba ana shida. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu tatizo hili halipigi kelele.

Tatizo hili linaitwa udumavu. Mtoto aliyedumaa ni mfupi kuliko umri wake kwa sababu hakupata chakula cha kutosha na cha kufaa kwa muda mrefu, au aliuguaugua mno. Urefu ndio tunaouona kwa macho. Lakini chakula kilichokosekana kwenye mifupa kilikosekana pia kichwani. Ndiyo maana leo tunataka tuzungumze habari ya chakula na ubongo.

Aibu ya mkoa wenye chakula

Zamani mikoa ya Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa iliitwa mikoa minne mikubwa, kwa sababu ya mahindi. Hata sasa, baada ya Njombe kumegwa kutoka Iringa mwaka 2012, na Songwe kumegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, nchi hizi za milima bado zinalisha miji. Tuna mahindi, maharage, viazi, mpunga wa Kyela na Usangu, ndizi na maziwa ya Rungwe, na parachichi siku hizi kila mahali.

Sasa sikilizeni hesabu hii. Mwaka 2022 Serikali ilifanya uchunguzi mkubwa wa afya nchi nzima. Ikaonekana kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka 5, 30 wamedumaa. Mkoani Iringa waliodumaa ni 57 katika kila 100. Mkoa wa Njombe ni 50 katika kila 100. Iringa ndiyo iliyokuwa ya kwanza kwa ubaya nchi nzima.

Mikoa mingi yenye ukame, inayonunua mahindi yetu, ilikuwa na watoto wachache waliodumaa kuliko sisi. Je, tunawezaje kulisha wengine na watoto wetu wakadumaa? Swali hili ni letu wote.

Kabla ya kuendelea tuseme jambo moja, ili mtu asiumizwe. Siyo kila mtu mfupi amedumaa, na siyo kila aliyedumaa ni mjinga. Koo nyingine ni za watu wafupi, na ni wenye akili nyingi. Tunachosema ni kwamba watoto wengi wanapodumaa katika kijiji, kijiji kinapoteza nguvu na akili ambayo kingekuwa nayo.

Ubongo unajengwaje?

Sisi sote tumewahi kujenga nyumba au kuona ikijengwa. Msingi ukiwa mbovu, unaweza kupaka chokaa na kuweka bati jipya, lakini nyumba itapasuka. Ubongo nao una msingi wake. Msingi huo hujengwa katika siku 1,000 za mwanzo. Hebu tuhesabu pamoja, maana sasa tunajua hesabu:

Siku za tumboni: 270.
Mwaka wa kwanza: siku 365.
Mwaka wa pili: siku 365.
Jumla: siku 1,000.

Katika siku hizo ubongo hukua kwa kasi ambayo hautakuwa nayo tena maishani. Mtoto akizaliwa, ubongo wake ni kama robo tu ya ubongo wa mtu mzima. Akifika miaka 2, umeshafika kama robo tatu. Fikirini kazi hiyo inavyotaka chakula! Ubongo wa mtu mzima ni mdogo, hauzidi sana kilo moja na robo au kilo moja na nusu. Lakini unakula sana. Mtu akiwa ametulia, katika vijiko 5 vya nguvu anayopata kwenye chakula, kijiko 1 huenda kwenye ubongo. Kwa mtoto mchanga ni karibu nusu ya chakula chote au zaidi.

Basi mtoto anayekula uji mwembamba mara mbili kwa siku anajengewa msingi kwa tofali chache. Akifika darasa la pili mwalimu atasema ni mzito. Jirani atasema amerogwa. Baba atasema amefanana na wajomba zake. Na wote watakuwa wamesahau zile siku 1,000.

Ubongo unataka nini?

Kwanza, unataka chakula cha nguvu, na mara nyingi. Tumbo la mtoto ni dogo. Sisi tukishika jembe toka alfajiri tunakula asubuhi tukaja kula tena jioni. Mtu mzima anaweza, mtoto hawezi. Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6. Akifika miezi 6 aanze chakula mara 2 au 3 kwa siku, huku akinyonya. Toka miezi 9 ale mara 3 au 4, na katikati apate kitu kidogo kama ndizi au parachichi. Aendelee kunyonya mpaka afike miaka 2 au zaidi.

Uji mwembamba ni maji mengi na chakula kidogo. Mama akisonga mzito, mtoto anashindwa kumeza. Dawa yake mnaijua, ila mnaitumia kwenye pombe! Ni kimea. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa lishe walijaribu jambo hili katika kijiji cha Luganga, huko Iringa. Uji mzito ukitiwa unga kidogo wa kimea unalainika, na mtoto anaweza kumeza chakula kingi zaidi kwa mlo mmoja.

Kimea cha ulezi kinatengenezwa hivi. Loweka ulezi usiku kucha. Mwaga maji, funika kwa kitambaa chenye unyevu siku 2 au 3 mpaka uchipue. Anika juani ukauke kabisa, fikicha uondoe vichipukizi, kisha saga. Pika uji mzito. Ukiiva, ipua, upoe kidogo, tia kijiko kimoja cha unga wa kimea, koroga. Utauona unalainika hapo hapo. Urudishe jikoni uchemke tena kidogo, halafu mpe mtoto. Tia na karanga zilizosagwa, au maziwa, au parachichi. Sehemu kubwa ya ubongo, ukiondoa maji yake, ni mafuta. Kwa hiyo mafuta kidogo kwenye uji siyo anasa.

Pili, ubongo unataka damu nzuri, na damu inataka madini ya chuma. Mtoto asiye na damu ya kutosha hachangamki. Anakaa kimya, hachezi, hajifunzi maneno upesi. Huko Pemba, watafiti waliwapa watoto wadogo madini ya chuma kwa muda wa mwaka mmoja. Habari zake zilitolewa mwaka 2001. Watoto wale waliendelea vizuri zaidi katika kusema na katika kutumia viungo vyao. Chuma kinapatikana kwenye nyama, maini, dagaa na usipa. Kipo pia kwenye maharage na mboga za majani, ila hicho mwili hukichukua kwa shida. Chungwa au limau huusaidia mwili kukichukua. Chai huuzuia. Sisi watu wa Mufindi na Rungwe tunalima chai na tunaipenda. Tunywe, lakini isiwe pamoja na chakula. Tungoje kama saa moja. Na mtoto mdogo asipewe chai kabisa. Mama mjamzito ameze vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki. Asivifiche chini ya godoro.

Tatu, ubongo unataka madini joto. Wazee wanakumbuka jinsi watu wengi hapa milimani walivyokuwa na tezi kubwa la shingo, ambalo wengine huita goita au rovu. Nchi za milima zenye mvua nyingi hupoteza madini joto, kwa sababu maji huyaosha kutoka kwenye udongo. Chakula kinachoota hapo kinakuwa hakina. Tezi linaonekana, lakini madhara makubwa hayaonekani. Mama mjamzito akikosa madini joto, mtoto anaweza kuzaliwa na akili iliyodumaa, au akawa kiziwi na bubu. Duniani kote, upungufu wa madini haya umekuwa moja ya sababu kubwa za watoto kuharibika akili, na ni sababu inayozuilika kwa urahisi kabisa. Mtu anahitaji kidogo sana. Kiasi cha maisha yake yote kinaenea kwenye kijiko kimoja cha chai! Lakini lazima akipate kila siku, kidogo kidogo.

Uswisi nayo ni nchi ya milima, na tezi lilikuwa ugonjwa wao. Mwaka 1922 walianza kutia madini joto kwenye chumvi. Hapa kwetu, katika miaka ya 1980 watu wa wilaya zenye tezi waligawiwa vidonge vya mafuta yenye madini joto. Toka miaka ya 1990 sheria inataka chumvi ya kula itiwe madini hayo. Kwa hiyo unaponunua chumvi, soma pakiti. Kusoma tunajua! Itafute ile iliyoandikwa kwamba ina madini joto. Chumvi isiyo na maandishi, inayopimwa kwa kopo, hatujui ina nini. Ukifika nyumbani itie kwenye chombo chenye kifuniko. Usiiache juani wala juu ya moto. Itie kwenye mboga karibu na kuiva. Na isiwe nyingi, kwa sababu chumvi nyingi inapandisha shinikizo la damu.

Nne, ubongo unataka vyakula vinavyojenga mwili, kama nyama, maziwa, mayai, samaki, maharage na karanga. Wenzetu wa Kenya makande huyaita githeri. Kuanzia mwaka 1998 huko Embu, watoto wa shule 12 walifuatiliwa. Wengine walipewa githeri yenye nyama. Wengine walipewa githeri na maziwa, wengine githeri iliyoongezwa mafuta, na wengine hawakupewa kitu. Baada ya muda wakapimwa. Waliokula nyama ndio waliopanda zaidi katika majaribio ya kufikiri. Hata uwanjani walikuwa wachangamfu na walikuwa wakiongoza wenzao. Hii inatufundisha mambo mawili. Kipande kidogo tu cha nyama kina kazi kubwa. Na tena, hata mtoto aliyepita miaka 2 asikatiwe tamaa. Chakula bado kinamsaidia.

Mtu mzima naye

Msidhani ni watoto tu. Akili ya mtu mzima nayo inakula.

Mwaka 1990 katika nchi ya jirani, Malawi, walikuwako wakimbizi wengi waliokimbia vita vya Msumbiji. Walikuwa wakipewa posho ya mahindi, na karanga pia. Karanga zikakatika. Muda si mrefu watu wakaanza kubabuka ngozi shingoni na mikononi. Ugonjwa huo unaitwa pelagra. Ukiendelea unaleta kuhara, halafu unaingia kichwani. Mtu anasahau, anachanganyikiwa, anakuwa kama mwenye wazimu. Mwaka ule waliougua walizidi watu 18,000. Hapakuwa na uchawi. Mahindi yana vitamini moja ambayo imefungwa ndani yake, mwili hauwezi kuitoa. Karanga ndizo zilizokuwa zikiziba pengo.

Basi mahindi peke yake hayatoshi, hata yakiwa mengi. Na sisi tunayapunguza zaidi. Tunakoboa mpaka yawe meupe kama karatasi, pumba na kiini tunawapa nguruwe, sisi tunabaki na sembe. Nguruwe wanapata vitamini, watoto wanapata weupe! Dona ni bora, ila mahindi yawe yamekauka vizuri na hayana kuvu. Unga wa viwandani unaotiwa virutubishi upo madukani, nao huandikwa kwenye mfuko. Mashine nyingi za vijijini hazina kifaa hicho.

Tena kuna mawazo. Mama asiyejua watoto watakula nini kesho halali. Anakuwa mkali bila sababu, au ananyamaza siku nzima. Miezi ile ya mvua, wakati ghala limekwisha na mahindi mapya bado, ndiyo miezi ya ugomvi nyumbani. Njaa na wasiwasi wa njaa vinakaa pamoja na sonona, yaani huzuni kubwa isiyoondoka. Lakini tusidanganyane. Siyo kila ugonjwa wa akili unatoka kwenye chakula, na mchicha hautibu wazimu. Mtu akisema hataki tena kuishi, akisikia sauti ambazo wengine hawasikii, au akikaa na huzuni wiki nyingi, apelekwe zahanati au hospitali. Asifungwe kamba wala asichekwe.

Chakula kinakwenda wapi?

Sasa tufike kwenye jambo zito. Chakula tunacho. Kwa nini hakifiki kwenye bakuli la mtoto?

Tuanze na sisi wenyewe, wahudumu wa afya, msije mkasema tunawasema ninyi tu. Mwenzetu mmoja katika kundi letu alivuna magunia 6 ya maharage. Lori likaja, bei ilikuwa nzuri. Akauza yote 6. Akanunua bati na simu. Mke wake alikuwa na mimba ya miezi 5. Mpaka mavuno mengine, nyumba ile ilikula ugali na mboga za kuchuma tu, na maharage waliyanunua kwa kikombe kwa bei mara mbili. Mtoto aliyezaliwa alikuwa mdogo sana. Sasa yuko darasa la pili. Anahesabu leo, kesho amesahau. Mwenzetu alimpeleka kwa mganga mara mbili, akatoa mbuzi. Siku tulipojifunza habari za siku 1,000, alikaa kimya, halafu akasema, "Kumbe nilimuuza na maharage." Ameturuhusu tuseme habari hii, ila jina lake tulihifadhi.

Hakuuza kwa ubaya. Alitaka bati. Sisi sote tunataka bati. Kuuza si kosa. Kosa ni kuuza bila kutenga. Fungu la kula linapaswa kuhesabiwa kabla lori halijafika, na mama awepo wakati wa kuhesabu, maana yeye ndiye anayejua sufuria ya nyumbani inataka nini.

Jambo la pili ni kazi za mama. Wakati wa kupanda na kupalilia, mama anaamka gizani. Anateka maji, anakwenda shambani na mtoto mgongoni, anarudi na kuni kichwani. Apike mara 4 saa ngapi? Akina baba, tusemezane kwa upole. Kuteka maji hakumpunguzii mtu ubaba. Kubeba kuni kwa baiskeli au pikipiki ni kazi ya nusu saa. Nusu saa hiyo ni mlo mmoja wa mtoto.

Jambo la tatu ni pombe. Wakati wa mvua ulanzi unapotoka, wengine humpa hata mtoto aonje ili alale. Komoni nayo vivyo hivyo. Pombe ni sumu kwa ubongo unaokua. Mama mjamzito akinywa, mtoto tumboni naye amekunywa. Hakuna kiasi kidogo tunachoweza kusema ni salama. Huyo anayelala baada ya ulanzi hajashiba, amelewa.

Jambo la nne ni miiko. Wapo walioambiwa kwamba mama mjamzito akila mayai mtoto atazaliwa bila nywele. Bibi zetu tunawaheshimu, wametulea. Lakini mwiko huu tuuache. Yai ni la mjamzito na mtoto kwanza.

Tuliwahi kuweza

Wako watakaosema mambo haya ni magumu. Wazee wetu wanajua si kweli. Mwaka 1973 tulikaa kwenye vikundi vya redio tukasikiliza kampeni ya Mtu ni Afya. Mwaka huo huo Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai.

Halafu mwaka 1983 ulianza Mpango wa Lishe wa Iringa, kwa msaada wa UNICEF, Shirika la Afya Duniani na Serikali ya Italia. Ulianza katika vijiji 168. Kila baada ya miezi 3 watoto walipimwa uzito, kama tulivyofanya leo. Lakini kupima hakukuwa mwisho. Kamati ya kijiji ilikaa ikauliza: mtoto huyu kapungua kwa nini? Ni maji? Ni malaria? Ni mama kuzidiwa na kazi? Wakatafuta dawa ya hapo hapo. Palianzishwa vituo vya kulelea watoto na kuwapikia wakati mama zao wako shambani. Katika vijiji hivyo, watoto wenye uzito pungufu walikuwa karibu 56 katika kila 100. Mwaka 1988 walikuwa 38. Wale wenye hali mbaya kabisa walipungua kutoka 6 hadi chini ya 2 katika kila 100.

Ni watu wa hapa waliofanya hivyo, wenye jembe kama letu. Lakini kazi hii haina likizo. Watoto wapya wanazaliwa kila siku, na kila mmoja ana siku zake 1,000. Tukiacha, tunarudi tulikotoka. Hesabu ya mwaka 2022 imetuonyesha.

Tunayoomba tukubaliane

Ndugu Mwenyekiti, tunaomba mkutano huu ukubali mambo 7:

1. Kila nyumba itenge mahindi, maharage na karanga za kula mwaka mzima kabla ya kuuza. Baba na mama wahesabu pamoja.

2. Kila nyumba iwe na bustani ya mboga, hata ya hatua tano kwa tano, na kuku ambao mayai yao hayauzwi yote.

3. Duka la kijijini lisiuze chumvi isiyo na madini joto. Wanunuzi tuikatae.

4. Msimu wa kulima, kila kitongoji kiwe na mahali pa kulelea watoto na kuwapikia uji mchana, kwa zamu.

5. Wajawazito waanze kliniki mapema, wameze vidonge vya damu, na wapunguziwe mizigo mizito.

6. Mtoto na mjamzito wasipewe pombe. Mwenye kilabu naye ahusike.

7. Shule yetu ipike chakula cha mchana. Wenye mahindi walete mahindi, wenye maharage walete maharage. Makande yasiyo na maharage ya kutosha tusiyaite makande.

Ndugu zetu, yule mtoto wa sentimita 84 bado yuko pale chini ya mti. Mama yake ameshatuuliza anaweza kufanya nini. Tumemwambia: mtoto ale mara nyingi, apate dagaa na maharage na yai, atibiwe minyoo, aongee naye na kucheza naye. Tena mama huyo ana mimba ya miezi 3. Zile siku 1,000 za mtoto ajaye zimeshaanza kuhesabiwa. Zimebaki kama 900. Kijiji hiki tunazo siku 900 za kuonyesha kama tunajua kulima tu, au tunajua na kulea.



Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Mwaka jana nyumba yako iliuza magunia mangapi, na ilitenga mangapi ya kula? Nani aliamua?

2. Mtoto mdogo nyumbani kwako alikula mara ngapi jana? Alikula nini? Andika.

3. Leta pakiti ya chumvi unayotumia. Someni pamoja kilichoandikwa.

4. Ni kazi gani ya mama ambayo baba, kaka au shemeji anaweza kuichukua msimu huu?